Kidole Mdomoni

Shule ya Jumapili pale Mvumi, Bi Damari
alikuwa na kopo la peremende za mnanaa.
Hakumpa aliyeimba vizuri.
Alimpa aliyekaa saa nzima, kidole mdomoni,
miguu haifiki sakafuni, macho msalabani,
nzi akimtua shavuni hamfukuzi.
Nilizila nyingi.
Nilifaulu kunyamaza kwa daraja la kwanza
kabla sijajua kuandika jina langu.

Kutoka hapo njia ilinyooka:
bweni, kwaya, chuo, shahada mbili za takwimu,
ofisi yenye kiyoyozi Mji wa Serikali,
nyumba Kisasa, geti jeusi, bati jekundu.
Naweza kukokotoa wangapi hawakupiga kura,
kwa rika, kwa jinsia, kwa kiwango cha elimu.
Katika mhimili mmoja mrefu nimo na mimi,
nukta isiyo na kelele.

Februari korongo lilifura.
Mvua ya dakika arobaini. Ndivyo ilivyo kwetu,
miezi minane vumbi, kisha maji yote kwa siku moja
kama mtu aliyeweka hasira mwaka mzima.
Kalavati lilikuwa limeziba tangu Krismasi.
Sote tulilipita. Tulipunguza mwendo, tukapandisha vioo.
Likamchukua Sechelela, wa darasa la pili.
Kiatu kilipatikana kwenye shamba la zabibu la mtu.

Tulifanya yote tuliyofundishwa.
Mhandisi Chilewa, anayejua kipenyo
ambacho kalavati lile lilitakiwa kuwa nacho,
aliongoza sala.
Mwanasheria wa nyumba ya kona alisoma somo.
Mimi nilikusanya rambirambi, nikazipanga kwenye jedwali,
jumla ikakubali mara ya kwanza.
Kazi ya Mungu haina makosa, tukaambiana,
na hakuna aliyeuliza kuhusu kazi ya halmashauri.

Jumamosi mtaa uliita mkutano.
Kipaza sauti kilipita geti kwa geti,
na nyuma ya mageti tulikuwa na sababu zetu,
kwaya, kikao cha harusi, mahafali,
na ile ya kwamba siasa ni mchezo mchafu,
ambayo husemwa na watu wenye viganja vinavyonukia sabuni.

Aliyekwenda ni Mbeleje, anayenifulia.
Aliniomba ruhusa kama anayekwenda kliniki.
Alirudi jua linazama, sketi imeshika vumbi la kukaa chini,
sauti imemkauka.
"Niliuliza, dada. Niliuliza hela ya mfereji iko wapi.
Mwenyekiti akasema nitajibiwa kwa maandishi.
Nikamwambia kusoma kwangu ni kwa kubahatisha,
anijibu hapahapa, kwa mdomo."
Kisha akaingia jikoni kusonga ugali.

Usiku nilipiga magoti nikamwombea.
Niliomba apewe hekima. Apewe kiasi.
Nikasikia ninachokisema.

Baba yangu alikuwa katekista. Alikwenda kwa miguu hadi Handali
kuhubiri habari za manabii waliokemea wafalme,
na akirudi nyumbani, akivua viatu, alituonya:
msibishane na mtendaji.
Aliyaamini yote mawili.
Sijui aliyalazaje kitanda kimoja
wala sikuwahi kumuuliza.

Mkutano mwingine ni Jumamosi hii, saa nne.
Mazoezi ya kwaya ni saa nne.
Mbeleje anapiga pasi blauzi yake ya kitenge,
hanitazami.
Nimesimama mlangoni, nataka kumuuliza
kama kuna viti, kama mtu akichelewa huwa anatazamwa,
na ulimi unapapasa tena kaakaani
kutafuta ule utamu wa mnanaa.